Sauti Tano Zilizofutwa

Tokyo, 11 Machi 1944

Kwa Mwalimu Onodera Masue,
Shule ya Msingi ya Kamisawa, Iwate.

Shikamoo Mwalimu,

Natumaini barua hii itakufikia wakati theluji ya Kamisawa imeanza kuliachia paa la shule, na kwamba magoti yako hayakukutesa sana majira haya ya baridi. Mimi, mwanafunzi wako asiye na shukrani, nakiri kwamba nimekaa miezi kumi na minne bila kukuandikia. Kisingizio changu ni kimoja, nacho nakieleza kwa fahari ambayo nakuomba uivumilie: nimepewa kazi inayostahili elimu yangu.

Tangu nihitimu chuo cha muziki nimo katika Ofisi ya Istilahi za Muziki. Tuko watu watano katika chumba kimoja, na jukumu letu ni kuyaondoa maneno ya adui katika vitabu vya kusomea noti. Kila neno la Kiingereza lililowahi kuandikwa juu ya mistari mitano sharti lipate mrithi wa Kijapani. Majina ya sauti tunayo tangu zamani: ha, ni, ho, he, to, i, ro, pamoja na ei ya kupandisha nusu sauti na hen ya kushusha. Kilichobaki ni kuwazoeza watoto wasiyakumbuke yale mengine.

Kazi yangu ya pili ni nyeti zaidi. Jeshi la majini lina watu wanaosikiliza mvumo wa meli chini ya maji. Msikilizaji akiutaja mvumo kwa jina la noti, ofisa hutazama orodha na kujua ni chombo gani kinachokuja. Orodha hiyo nimeitunga mimi. Ina sauti kumi na mbili, saba kamili na tano za nusu. Ha ni mvumo wa meli zetu za mizigo. Sauti ya ni ni mvumo wa nyambizi za adui. Katikati ya hizo mbili, mbele ya ei-ha, yaani ha iliyopandishwa nusu, nimeandika: "Shaka. Meli yote ijiandae." Sikuona mahali pengine ambapo nusu sauti imewahi kupewa heshima kubwa kiasi hicho.

Nina maombi mawili. La kwanza ni lile daftari ulilolitunga na yule Mwingereza, Bi Ashdown, kwa miaka yote ile, upande wa kushoto Kijapani, wa kulia Kiingereza, kila alama ya noti na majina yake mawili. Lingenirahisishia kazi mno. La pili ni kuhusu mwanao Teiji. Nakumbuka alivyokuwa na miaka saba, akitutajia noti ya mfuniko wa sufuria uliodondoka. Masikio ya namna hiyo Komanda wetu anayatafuta kwa hamu, na mwenye nayo hachukuliwi na jeshi la miguu.

Ni mimi mwanafunzi wako,
Kiriyama Shungo


Kamisawa, 24 Machi 1944

Kiriyama,

Marahaba. Magoti ni yaleyale na theluji ni ileile. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiziruka salamu.

Daftari usiliulize. Mwaka juzi polisi wa kata alikuja, akakizunguka kinanda cha Bi Ashdown kama mtu anayenunua ng'ombe, akaniuliza, "Mama, hiki nacho ni Kiingereza?" Nikamwambia kinanda hakina lugha. Akasema, "Basi kisiongee sana." Jioni ile nilizichoma kurasa zote. Zilishika moto upesi. Nilimkumbuka Bi Ashdown siku alipokuta kwamba herufi yetu ya ei ndiyo ileile ya mtoto mchanga. Alicheka, akataka kujua nani aliyemlaza mtoto katikati ya noti. Tukaandika hivyohivyo.

Kuhusu Teiji, nitakuandikia bila kupamba, nawe unijibu hivyo.

Unajua nilichoandikiwa juu ya kaka yake, Kazuma. Sanduku lilipoletwa waliniambia nisilifungue. Nililifungua. Ndani yake mlikuwa na kipande cha tumbawe kikubwa kama yai, na karatasi yenye jina lake. Hicho ndicho nilichokizika. Teiji atafikisha umri wa kuitwa jeshini mwezi wa Agosti. Wakimchukua jeshi la miguu atapelekwa kulekule, nami sitaki tumbawe la pili.

Niambie jambo moja. Hao wasikilizaji wako wanakaa nchi kavu?

Onodera Masue


Tokyo, 4 Aprili 1944

Shikamoo Mwalimu,

Umeniamuru nisipambe, nami natii. Wanakaa nchi kavu. Wasikilizaji bora hubakishwa shuleni ili wawafundishe wengine, kwa kuwa sikio adimu ni hazina, na hazina haipelekwi vitani. Hayo nimeyasikia kwa Komanda mwenyewe, na nayaandika hapa kwa jina langu.

Mtihani ni tarehe 9 Mei. Teiji atalala kwangu. Nimekwisha kumtaja mbele ya wakubwa, nao wanamsubiri kwa shauku. Nakuomba basi usibadili nia, maana itaniaibisha.

Kiriyama Shungo


Tokyo, 10 Mei 1944

Mama, shikamoo,

Barua hii ukishaisoma ichome, uichome kweli, si kama ulivyolichoma daftari.

Nimefaulu. Tulikuwa sitini na mmoja ndani ya ukumbi wenye baridi kama ghala la samaki, tumekaa tumeupa mgongo ukuta, mzee mmoja anabonyeza kinanda nyuma ya pazia. Ulivyosema ndivyo ilivyo. Kinanda chao kiko chini ya chetu kwa nusu sauti, au karibu hapo. Noti ya kwanza waliyoipiga, mimi nilisikia ro kama ninavyokuona wewe, na jirani yangu akaandika ha. Nikakumbuka: chochote nisikiacho, nipande nusu. Nikaandika ha. Zote mia mbili nilizifanya hivyo. Wenzangu wanasikia na kujibu, mimi nasikia, nahesabu, kisha najibu. Hakuna aliyeona, ila mzee wa kinanda aliniambia, "Wewe kijana unafikiri kabla ya kusema. Umetoka familia gani?"

Mama, ni ajabu. Maisha yangu yote nimeishi nusu sauti juu ya watu wengine bila kujua, kwa sababu tu kinanda cha Bi Ashdown kilitengenezwa Uingereza zama za bibi yake. Kamisawa nzima inaimba juu zaidi ya Japani.

Kaka Shungo hajui. Nilitaka kumwambia wakati wa chakula, nikakumbuka ulivyoniapisha. Ni mtu mwema lakini anaongea kama bango. Amenipa shuka lake jipya.

Teiji wako


Tokyo, 20 Juni 1944

Shikamoo Mwalimu,

Kwa furaha isiyo na kifani nakuarifu kwamba Teiji ameshika nafasi ya kwanza. Komanda aliniita mbele ya wote akauliza nimempata wapi kijana huyu. Nilijibu kwamba alilelewa na mwalimu yuleyule aliyenilea mimi, na naamini jibu hilo limetupa heshima sote wawili.

Habari njema hazikuishia hapo. Orodha yangu imepitishwa na itabandikwa katika kila chumba cha kusikilizia. Imefanyiwa marekebisho madogo: kutoka sauti kumi na mbili sasa ni saba tu, zile kamili. Mabaharia walikuwa wakisitasita, na katika kazi ile kusitasita ni kufa. Sasa mtu anasikia, anataja, imekwisha. Imesifiwa kwa ufupi wake. Jina langu limo chini ya ukurasa, kwa herufi ndogo lakini zinazosomeka.

Kiriyama Shungo


Kamisawa, 2 Julai 1944

Kiriyama,

Marahaba, na hongera. Nakutumia unga wa soba wa kukandia tambi na figili za chumvi. Gawaneni na Teiji, wala usimwachie akala zote, maana hana adabu kwa figili.

Nakuuliza kama mwalimu. Zile tano ziko wapi? Nilikufundisha mwenyewe kwamba kati ya ha na ni kuna mtu anakaa. Ukilifuta jina lake kwenye karatasi, yeye bado yupo.

Onodera Masue


Tokyo, 15 Julai 1944

Shikamoo Mwalimu,

Figili zimefika na zimekwisha. Mwenye hatia unamjua.

Swali lako ni la darasani, nami nalijibu kwa unyenyekevu wote: jikoni mwa vita hakuna kijiko cha chai. Sikio litaiegemea noti iliyo karibu. Tumelijaribu jambo hili ofisini kwa siku mbili, matokeo yakaridhisha.

Kiriyama Shungo


Kadi ya jeshi, imepitiwa na mkaguzi. Septemba 1944

Mama, shikamoo,

Mimi mzima. Nimehamishiwa mahali ambapo maji ni mengi kuliko nchi, zaidi ya hapo siruhusiwi. Wenzangu wananiita Kinanda. Chumba changu ni kidogo, ukinyoosha mkono unagusa kuta zote mbili, na ile karatasi ya Kaka Shungo imebandikwa mbele ya pua yangu kama kalenda ya duka. Kutapika nimekuzoea. Wali upo.

Kazi naifanya kama ulivyonifundisha, kila mara, bila kusahau. Usiwe na wasiwasi.

Teiji


Kamisawa, 3 Oktoba 1944

Kiriyama,

Kadi ya Teiji imefika. Sikuhitaji miwani kuielewa.

Uliandika "nchi kavu". Barua ninayo, imeandikwa kwa jina lako. Nijibu: ulikuwa hujui, au ulijua?

Mrudishe. Unao wakubwa wanaokuita mbele ya watu. Nenda ukaitwe tena, mara hii kwa ajili yangu.

Onodera Masue


Tokyo, 19 Desemba 1944

Kwa Bibi Onodera Masue,

Kwa huzuni isiyoelezeka nashika kalamu kukuongezea machache juu ya taarifa ambayo bila shaka ulikwisha kuipokea kutoka ofisi ya wilaya. Barua yako ya Oktoba niliipata. Nilikuwa bado natafuta njia ya kuijibu ipasavyo wakati matukio yaliponitangulia, na kwa hilo naomba radhi.

Meli ya Teiji ilizama tarehe 17 Novemba. Waliookolewa ni wanane, naye si miongoni mwao. Najua umepewa maneno mengi ya kishujaa, sitayarudia.

Analazimika kukuandikia si mwanafunzi wako tu bali mtumishi wa Ofisi, kwa kuwa imefunguliwa faili. Taarifa ya mwisho iliyotumwa kutoka melini ilisema: ha, yaani meli yetu ya mizigo. Kwa hiyo hawakujiandaa. Meli iliyokuwa nyuma yao ilikuwa na chombo cha kupimia, nayo iliupima mvumo uleule ukawa ei-ha. Kosa ni la nusu sauti kamili, si zaidi wala pungufu. Waliokufa ni watu mia moja na arobaini na wawili.

Wakubwa wanauliza iwapo lilikuwa kosa la orodha au la sikio. Teiji alifanya mtihani bila kukosa hata noti moja. Kwa hiyo hawaelewi. Nakuuliza kwa heshima, wewe uliyelifahamu sikio lile tangu utotoni: palikuwa na kasoro yoyote ambayo hatukuambiwa?

Pokea rambirambi zangu za dhati.

Kiriyama Shungo
Ofisi ya Istilahi za Muziki


Kamisawa, 8 Januari 1945

Shungo,

Nusu sauti kamili. Nililisoma neno hilo nikiwa nimesimama kwenye foleni ya posta, nikakaa chini hapohapo kwenye theluji. Watu walidhani ni magoti.

Palikuwa na kasoro. Si ya kwake, ni ya kwangu.

Kinanda cha Bi Ashdown hakilingani na vya Tokyo. Kiko juu. Yeye mwenyewe alinionyesha miaka ishirini iliyopita, kwa ule uma wa chuma wa kupimia sauti aliokuwa akiugonga kwenye goti. Nusu sauti, au inakosa kidogo tu. Tukasema ah, watoto wa Kamisawa wataimba juu kidogo, wataharibikiwa nini? Wewe ulipokwenda chuoni ulikuwa na sikio la kawaida, ukazoea cha huko kwa wiki moja. Teiji alikuwa na lile jingine, lile lisilozoea. Kilichoingia kikiwa ha kitabaki ha mpaka mwisho. Na kilichoingia kiliingia kutoka kwenye kinanda kile.

Ulipotuandikia nilijua kwamba mtihani utamwangusha. Nikamfundisha kudanganya. Wiki sita, kila asubuhi kabla ya shule: sikia, panda nusu, kisha sema. Alinilalamikia kwamba ni kama kuvaa viatu vya mtu mwingine. Nilimwambia viatu hivyo vitamweka nchi kavu. Nikamwapisha asikuambie, maana ungekuwa mwaminifu kwa wakubwa zako.

Sasa naelewa kilichotokea kama nilikuwa chumbani humo. Amechoka, anaumwa na bahari, siku ya ngapi hajalala. Mvumo unakuja. Anausikia ha, ha ya nyumbani. Hapandi. Anasema alichokisikia. Mara moja tu katika miezi yote ile mwanangu alisema alichokisikia kweli, na watu mia moja na arobaini na wawili wamekufa.

Andika kwenye faili lako kwamba sikio halikuwa na kosa. Mama yake ndiye aliyekuwa na kosa. Orodha yako ni safi. Nisamehe kwa yale ya Oktoba.

Onodera Masue


Tokyo, 1 Februari 1945

Shikamoo Mwalimu,

Nimeipokea barua yako na kuisoma kwa moyo mzito. Unyofu wako unanifanya nikuheshimu kuliko wakati wowote.

Nimelazimika kuiambatanisha kwenye faili, kwa kuwa inaeleza jambo ambalo vinginevyo lingebaki bila maelezo. Wakubwa wameridhika. Suala limefungwa, na orodha itaendelea kutumika kama ilivyo. Wiki hii inachapwa mara ya pili. Jina lako halitatajwa nje ya Ofisi isipokuwa pale utaratibu unapotaka.

Usijilaumu kupita kiasi. Ulitenda kama mama.

Kiriyama Shungo


Kamisawa, 22 Aprili 1945

Kiriyama,

Utaratibu ulitaka. Mwezi wa Machi barua ilimfikia mwalimu mkuu, akaniomba nipumzike, kwa adabu, akitazama dirisha. Katika mia moja na arobaini na wawili kulikuwa na vijana wanne wa wilaya hii. Kwenye foleni ya mchele mama wa mmoja wao ananiuliza kila siku, mbele ya watu, "Mama mwenye kinanda, leo tuimbe sauti gani?" Niliona ana haki.

Jumanne alikuja mtu. Alikuja kwa mkongojo kutoka kituo cha treni, saa mbili nzima kwenye matope, mguu wa kushoto haupo. Jina lake Hozumi. Alikuwa mpeleka ishara kwenye meli ya Teiji, mlango wa chumba chake ulitazamana na wa Teiji. Nilimpa chai, nikamwambia kabla hajasema lolote kwamba mimi ndiye niliyewaua wenzake. Akakiweka kikombe chini.

"Nani kakwambia hivyo, mama?"

Nikamweleza habari za kinanda. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa taratibu kama mtu anayesubiri mtoto amalize kulia. Nakuandikia alichosema kama alivyokisema, kwa sababu nimemfanya akirudie mara tatu.

Teiji aliita, "Ei-ha."

Ofisa wa zamu akasema, "Ei-ha ndiyo nini? Soma ukutani."

Teiji akasema iko katikati ya ha na ni.

"Ukutani ziko saba, Kinanda. Katikati hakuna kitu. Sema, ha au ni?"

Teiji akasema tena, "Ei-ha, bwana. Tujiandae."

Ofisa akampiga kibao. Hozumi anasema hakikuwa kibao cha chuki, ni kile cha kumwamsha mtu. Akamwambia chagua. Teiji hakuchagua. Alivaa tena vile vya masikioni akageukia ukuta. Ofisa akaandika ha mwenyewe, akampa Hozumi aitume. Hozumi ndiye aliyeituma. Dakika sita baadaye hapakuwa na meli.

Basi mwanangu hakusahau. Alichoka, aliumwa, na bado alipanda ile nusu kama nilivyomfundisha, akafika kwenye ngazi uliyokuwa umeing'oa.

Nilimuuliza Hozumi kwa nini hakuyasema haya mapema. Akanishangaa. Akasema aliyasema, hospitalini Yokosuka, mwanzoni mwa Desemba, kwa bwana mmoja kijana mwenye miwani kutoka Ofisi ya Istilahi, aliyeandika kila neno kwa mwandiko mzuri, akamshukuru kwa maneno mengi.

Mwanzoni mwa Desemba. Wewe uliniandikia tarehe kumi na tisa.

Sitakuuliza kitu. Nilikuuliza mara moja kama ulijua, na mpaka leo sijajibiwa.

Ndani ya bahasha hii mna ukurasa mmoja wa daftari. Nilikudanganya, sikulichoma, limekaa chini ya pumba kwenye pipa la figili, na linanuka hivyo. Ukurasa huo ni wa ei. Kushoto ni mwandiko wangu, kulia ni wa Bi Ashdown, na pale chini penye wino uliomwagika ni Teiji, alikuwa na miaka minne. Uubandike juu ya meza yako. Kisha zirudishe zile tano kwenye orodha. Si kwa ajili yangu. Vyumba vile bado vina watoto wa watu.

Onodera Masue


Tokyo, 9 Mei 1945

Mwalimu,

Nilijua. Nilipoandika "nchi kavu" nilijua kwamba nusu yao hupelekwa melini. Nilitumaini atakuwa katika ile nusu nyingine. Desemba pia nilijua. Nilikuandikia nikiwa na maelezo ya Hozumi mezani, nikitumaini utanipa sababu nyingine, ukanipa.

Hakuna aliyeniamuru kuzifuta zile tano. Komanda alisema tu kwamba orodha ni ndefu. Ni mimi niliyesimama mbele ya watu wote nikasema, bwana, naweza kuifupisha sasa hivi, nikatoa kalamu. Walicheka wakapiga makofi. Ilichukua muda mfupi kuliko kuandika sentensi hii.

Jana nilimpelekea Komanda maelezo ya Hozumi na ukurasa wako. Aliusoma upande wa Kijapani, akaukunja asiuone upande wa Kiingereza. Akasema hakuna karatasi wala mtambo, kiwanda cha kuchapia kiliungua Machi, na faili likishafungwa limefungwa. Akaniambia, "Kama unaipenda sana nusu sauti, kaisikilize mwenyewe." Naripoti bandarini Jumatatu.

Toleo la pili lilikuwa nakala mia tatu. Arobaini nilizikuta bado kabatini, nimeziandika zote kwa penseli, sauti kumi na mbili, na mbele ya ei-ha nimerudisha yale maneno. Nimewapa mabaharia waliokuja. Moja naichukua.

Zile mia mbili na sitini ziko baharini, ukutani, na jina langu liko chini yake.

Shungo